Kwetu Hatutwishani

Mikumi,
Jumapili, 6 Juni 1993

Mpendwa Mama,

Shikamoo. Naomba unisamehe kwa kukawia kukuandikia. Tangu Kwaresima nasema kesho nitaandika, na kesho yenyewe inanikuta na mtoto mmoja mgongoni na mwingine ananing'inia kwenye kanga. Peni yangu Goodhope aliitumbukiza kwenye uji. Hii nimeiazima kwa jirani na wino wake unakuja na kukatika kama maji ya bomba, kwa hiyo ukiona maneno yamefifia usidhani naumwa. Siumwi. Nimechoka tu.

Lukasi anaota meno na ananyonya kama anayelipiza kisasi. Baba yao Luhaga hajambo, na kazi yake ya kuziba matairi inakwenda. Tangu enzi hizi za ruksa, kila mtu afanye biashara, malori yamezidi barabarani, na matairi yenyewe ni mtumba, yanapasuka vizuri sana, basi pancha haziishi na sisi tunakula.

Sasa Mama, kaa chini. Nimeharibu.

Alhamisi nilikuwa natoka sokoni, nikapita pale stendi. Kuna mama mmoja mtu mzima, kajifunga shuka zito, gunia liko miguuni pake. Akaniita kwa upole kabisa, "Ng'wanone, mwanangu, nitwishe." Mama, mimi sikufikiri. Miguu ndiyo iliyofikiri. Nilimvuta Goodhope, nikasema vilevile ulivyotufundisha, "Mzigo na mwenyewe," nikavuka barabara. Akanipigia kelele, "Wee binti! Gunia halikuumi!" Stendi nzima ikacheka. Mimi huyoo, nyumbani.

Nikabandika maji. Hata nilijisifu moyoni kwamba nimewalinda wanangu. Mara hodi, Luhaga anaingia na gunia lile lile begani, anacheka hadi ufizi. "Mama Goodhope, Mama yangu amefika kutoka Maswa!" Nyuma yake, yule yule.

Nilipiga magoti kumwamkia na sikutamani kuinuka tena. Akaniacha pale pale chini, akanitazama. Kisha akasema, "Marahaba. Mimi na huyu tumeshaonana."

Tangu hapo hali chakula changu. Gunia lile limejaa michembe, vile viazi vyao vya kukausha, anavipika mwenyewe kwenye chungu chake. Nikimkaribisha ugali anasema, "Wabeja, asante, nina changu." Kwao, anasema, mtu akikuomba umtwishe unamtwisha hata kama ni adui yako. Mkishamaliza hapo ndipo mgombane. Na wewe unajua alichokuja kufanya. Mzee wao amemtuma anitazame kabla hajaachia ng'ombe wa mahari, na Padri anasubiri neno lao ndipo atangaze ndoa yetu kanisani. Jana nimemsikia anamwambia mwanawe, "Mke asiyetwisha, siku ukianguka atakuruka."

Nimejaribu kueleza. Nikamwambia Luhaga habari za viti vyetu vya mizigo, vile vya mataruma chakavu ya reli ambavyo wanawake wa Kilosa mlivijenga kila njia, vinafika kifuani, ili mtu atue mzigo wake na ajitwishe mwenyewe bila kumwomba mpita njia. Akacheka. "Yaani mji mzima mnaogopa gunia?" Nikasema ni kwa ajili ya Yule wa Mzigo. Akauliza, "Ni nani huyo?" Mimi nimezaliwa mambo yameshakwisha. Nijualo ni kwamba tukichelewa mtoni mlituambia Yule atatukuta. Alianzaje, aliishiaje, hakuna aliyewahi kuniambia.

Mkubwa husikilizwa na mkubwa mwenzake. Njoo Mama, umwambie wewe. Amesema atakaa mpaka michembe yake iishe, halafu anakwenda kumjibu mzee. Nimechungulia gunia. Liko nusu.

Msalimie Baba, na Doris.

Mwanao,
Costancia

*

Kilosa,
Jumamosi, 12 Juni 1993

Kwako Costancia,

Anayesema ni mimi mama yako, anayeandika ni Doris. Marahaba. Barua imefika kwa mkono wa Onesphory, dereva wa basi la huko.

Kwanza, ulifanya vizuri. Mtu humjui, hajakutajia ukoo wake, una watoto wadogo, utainamaje kushika gunia lake? Huyo mama angejitambulisha. Mdomo wa kuita "gunia halikuumi" anao, wa kusema "mimi ni Kishiwa mama yake Luhaga" ulikuwa wapi?

Pili, siji. Kunde ziko shambani na baba yako Bonifas ukimwachia nyumba utakuta mbuzi wamelala kitandani.

Tatu, ukitaka kumweleza, mweleze hivi. Kulikuwa na mtu mbaya. Alikaa kwenye njia ya kando ya reli na gunia, akijifanya mzigo umemshinda, anakohoa. Mwanamke akiinama kumtwisha, mikono yote miwili imeshikwa na kazi, basi anamaliza habari yake. Si mmoja, si wawili. Ikachukua muda kujulikana kwa sababu nani angedhani. Serikali ikamkamata, ikamnyonga, basi. Jina lake hatulitaji na hata wewe hujalisikia. Asipoelewa kwa hayo, hataelewa.

Na uliwahi kuniuliza kama mama yako mkubwa Bibiana alikuwa katika mambo hayo. Nakuambia tena, Bibiana alikufa kwa homa. Usije ukamchanganya humo mbele ya wakwe.

Nne, mchinjie jogoo. Hakuna mama mkwe anayemshinda jogoo.

Mama yako,
Hildegarda

Dada, hapa ni Doris peke yangu, Mama kaenda chooni. Mambo? Huku poa. Barua yako nimemsomea mpaka nimeikariri. Kwenye "gunia halikuumi" alicheka akashika mbavu. Baadaye nikamkuta jikoni analia. Akasema ni vitunguu. Dada, tulikuwa tunapika chai.

*

Mikumi,
Alhamisi, 17 Juni 1993

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Safari hii sikukawia, umeona.

Jogoo nilichinja. Mama mkwe akamsifu manyoya.

Barua yako nilimsomea yote, ila habari ya Bibiana na ile ya mdomo wake nikaziruka. Alisikiliza kwa adabu, kichwa kimeinama. Nilipomaliza akasema, "Karatasi haina macho nikayatazama. Huyo mama yako ana miguu?" Nikasema anayo. "Basi kama hilo jambo ni kweli na ni kubwa hivyo, angeileta." Na hata mimi, Mama, nilikuwa nawaza hivyo hivyo.

Luhaga naye, katika kunisaidia, akazidi kuharibu. Alinunua michembe kwa wachunga ng'ombe wa kwao waliopita hapa, akawa anaichanganya kwenye gunia la mama yake kila akipata nafasi ili lisiishe. Nilipogundua nilicheka mpaka Lukasi akaamka. Lakini juzi Mama mkwe akatia mkono guniani, akatoa kipande, akakigeuza juani. "Hiki si changu. Mimi nakata vyembamba. Hiki kimekatwa na mtu mvivu." Akamwita mwanawe kwa jina lake lote mpaka la babu. Sasa amesema gunia liishe lisiishe, Jumamosi ya wiki ijayo anapanda basi la Onesphory aje Kilosa, na hapo anapanda treni ya kwao.

Simchukii, Mama. Nataka ulijue hilo. Asubuhi akidhani nimelala humbeba Lukasi nje amwoneshe jua linavyotoka, anamwimbia kwa Kisukuma. Yeye ni mtu wa kutwisha tu, na mimi nimemwonesha mgongo.

Sasa nisikilize. Jana jirani yetu aliangusha kuni mlangoni, akamwambia Goodhope kwa utani, "Njoo nisaidie, mwanaume." Mwanangu akakunja mikono kifuani, akasema, "Mzigo na mwenyewe." Watu wakacheka. Mimi sikucheka. Nilimwuliza kwa nini kasema vile. Akaniambia, "Wewe je?"

Mama, ulinifundisha nipite nisitazame nyuma, nikatii bila kuuliza. Na mimi sasa ni mama. Siwezi kumpa mtoto wangu woga ambao mwenyewe siujui ulikotoka. Na siwezi kuolewa na Luhaga huku mama yake amekwenda kusema kwao kwamba mwanawe kachukua mwanamke asiye na utu. Luhaga anasema atanioa tu, ng'ombe waje wasije. Lakini nimemwona anavyomtazama mama yake. Sitaki kuingia kanisani na sura ile ya mume wangu.

Kwa hiyo siulizi tena kama utakuja. Nakwambia njoo. Ni mara yangu ya kwanza kukwambia jambo hivi, lakini sifuti.

Mwanao akupendaye,
Costancia

*

Kilosa,
Alhamisi, 24 Juni 1993

Dada Costa,

Nakuandikia haraka, Onesphory anapiga honi.

Nilimsomea. Nilipofika kwenye "nakwambia njoo" nikanyamaza nikisubiri radi. Akachukua jembe akaenda kwenye kunde. Ikawa hivyo Ijumaa na siku zilizofuata. Baba akamwuliza kama anaumwa, akamjibu, "Kula." Juzi akaenda njia ya reli peke yake. Mama! Peke yake! Nilimfuata kwa mbali nikamkuta amekaa juu ya kile kiti cha mzigo cha karibu na daraja, miguu inaning'inia kama mtoto wa shule.

Leo ameniuliza kama mabasi ya kuja huko siku hizi yana viti vya kutosha au ni kama zamani. Kisha akafunga mzigo. Mdogo, wa kujitwisha mwenyewe.

Siandiki zaidi, ananiangalia.

Doris

*

Mikumi,
Jumapili, 27 Juni 1993

Mdogo wangu Doris,

Salaam nyingi, na umwamkie Baba kwa niaba yangu. Mama amefika salama. Uliza amefikaje.

Jana Mama mkwe aliondoka kabla sijajua. Luhaga alikuwa chini ya lori, mimi namnyonyesha Lukasi, yeye akatwishwa gunia lake na jirani, huyoo stendi. Gunia lilikuwa tupu la michembe lakini amelijaza maboga na mablanketi ya mtumba ya kupeleka kwao, zito kuliko alivyokuja nalo. Haya ninayokuandikia mwanzo wake nimeyapata kwa Agness anayeuza nyanya pale, na Agness hajawahi kukosa neno.

Basi la Onesphory likafika kutoka Kilosa. Mama akashuka, akatua kifurushi chake apumue. Mama mkwe anasubiri basi hilo hilo ligeuze. Konda hamjali, gunia lipo chini, linatakiwa lifike kwenye ngazi ya nyuma likapandishwe juu. Akamgeukia mwanamke aliye karibu.

"Dada, hebu nitwishe."

"Sikutwishi," akasema Mama.

Agness anasema Mama mkwe alishika kiuno. "Mji huu una ugonjwa gani?"

"Mji huu siujui, ndio kwanza nashuka. Mimi natoka Kilosa."

Mama mkwe akamtazama kuanzia viatu.

"Kilosa. Una binti hapa? Ana kijana mdogo anayekunja mikono?"

"Ninaye. Na wewe nadhani ndiye unayekula viazi vyako peke yako."

Onesphory akapiga honi. "Bibi, unapanda hupandi?"

"Nenda!" akasema Mama mkwe. "Kuna jambo naambiwa."

Nilipofika mbio na Goodhope, kiatu kimoja nimeacha nyumbani, niliwakuta wamekaa wote wawili juu ya gunia kama kuku kwenye kiota kimoja. Mama hakunitazama. Alikuwa anaongea chini chini, na nyanya za Agness zilikuwa hazina mwuzaji, maana mwuzaji alikuwa amesogea asikie.

Doris, Mama amesema nikuandikie alichosema, kwa sababu hawezi kukisema mara ya pili.

Alisema yule mtu alikuwa na sura nzuri. Alikuwa na kikohozi, na watu walimhurumia. Mwanamke mwenye haraka alimpita. Mwanamke mwenye roho ngumu alimpita. Aliyekufa ni yule aliyesimama. "Dada yangu Bibiana," akasema, "alikuwa hawezi kumpita mtu. Hata mbwa wa mtu alikuwa hampiti. Walimkuta bondeni, na kata yake ya kichwani ilikuwa pale njiani, kwenye gunia la yule. Alimvulia ampe, kichwa kisimuume."

Homa, Doris. Miaka yote ile, homa.

"Aliwachagua waliosimama," Mama akasema, "tukabaki tuliopita. Mji mzima ukawa wa watu wanaopita. Watoto wetu tukawafunza kupita. Huyu binti alikupita kama nilivyomfunza mimi, mzazi mwenzangu. Ukiona hafai, basi mimi ndiye nisiyefaa, na mimi ndiye huyu hapa. Nina miguu, nimekuja."

Mama mkwe alilikaza fundo la shuka lake. Halafu akauliza, "Na mtu mwenye mzigo wa kweli, mlimfanyaje?"

"Tulimjengea kiti." Akaeleza vile viti, jinsi wao wenyewe, wanawake, walivyobeba mataruma mpaka mabega yakachubuka, kwa sababu walishindwa kukaa na mawazo kwamba kuna bibi wa watu amekwama njiani na gunia la mahindi na hakuna wa kumsogelea.

Ndipo Mama mkwe alipoanza kucheka. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya shuka, na sikuweza kujua yupi alikuwa analia na yupi anacheka. "Watu wa ajabu ninyi," akasema. "Mnamkimbia mtu, lakini mzigo wake hamuuachi chini!"

Akasimama, akajikung'uta. "Mimi ni Kishiwa. Nimezaliwa Maswa, nimemzaa Luhaga. Sasa unanijua?"

"Sasa nakujua."

"Nitwishe."

Mama akakunja mikono ya gauni, akashika ncha moja. Doris, hajui! Mwanamke mzima, amesahau jinsi inavyofanywa. Akalinyanyua upande mmoja kabla mwenzake hajawa tayari, gunia likapinduka, mdomo ukafunguka, na maboga yote yakatoka mbio kuelekea barabara kuu. Lori la mafuta likafunga breki mpaka likalia. Dereva katoa kichwa dirishani, "Mama zangu! Mnataka kuniua kwa maboga?" Stendi nzima ilikuwa inakimbiza maboga, na Goodhope wangu mikono imekunjuka, kakumbatia moja kubwa kuliko tumbo lake, hataki kumwachia mtu.

Walirudi nyumbani wameshikana mikono. Jioni Mama mkwe alikula ugali wangu na lile boga lililopasuka. Akasema mboga haina chumvi. Sijawahi kufurahia lawama kama ile.

Leo asubuhi Padri ametangaza ndoa yetu, tangazo la kwanza. Mama mkwe alinishika goti mpaka alipomaliza kusoma. Mzee wa Maswa amepelekewa neno, na Luhaga ameshachimba mashimo pale stendi ajenge kiti cha mzigo kwa mabomba ya lori lililoungua. Wazee wanabishana juu ya kimo. Mama anataka kifuani, Mama mkwe anasema kifuani kwa nani, wanawake wa kwao ni warefu. Wanabishana kutwa, wanalala kitanda changu, mimi na Luhaga tuko chini na watoto katikati. Sijui kama nimelala tangu jana. Wala hakuna anayetaja kuondoka.

Kwa hiyo mdogo wangu, Onesphory akirudi Jumatano mpe vitu hivi, na usisahau hata kimoja. Mkeka mkubwa. Blanketi la Mama lile la mistari, huku Juni hii baridi inauma. Ugoro wake uko nyuma ya sanduku, anadhani Baba hajui. Cheti changu cha ubatizo, mwombe katekista, Padri hawezi kuendelea bila hicho. Kunde mpya, za kutosha nyumba ya wazazi wawili wasiokubaliana chochote. Viatu vyangu vyeupe, kama hujavivaa ukaviharibu. Ukiwa umeviharibu, vilete hivyo hivyo.

Na kingine. Mama mkwe anataka wale wanawake waliouawa wasomewe misa kabla ya ndoa. Anasema hawezi kuleta ng'ombe wake juu ya watu ambao hawajaliliwa vizuri. Padri amekubali, ameomba majina. Mama ameyataja aliyoyajua, tumeyaandika. Lakini kuna mmoja aliyekuwa akiuza vitumbua stesheni, alikuwa mgeni, alikuja na treni tu akabaki. Watu walimwita Mama Vitumbua. Mama anakumbuka alikuwa na mwanya na alicheka kwa sauti. Padri anasema tumtaje hivyo hivyo, Mungu anamjua. Mama mkwe amekataa. Anasema Mungu anamjua, sisi je?

Basi waulize wazee wa reli, waulize waliokuwa wakinunua kwake, uliza mpaka wakuchoke. Tuletee jina lake.

Dada yako,
Costancia